Tarakimu Arobaini za Ziada

Kiangazi kilichopita nilikwenda Malambo, Tarafa ya Sale, wilayani Ngorongoro. Anayetoka Karatu huanza kwa kupanda hadi lango la Lodoare, akauzunguka ukingo wa kreta, kisha akateremka kwenye nyanda kavu ambako vumbi humtangulia mgeni. Nilifuatana na mwanafunzi wangu mmoja anayesomea sayansi ya kompyuta. Tulipumzika kwenye duka la wakala wa fedha za simu, kibanda cha bati chenye paneli ndogo ya sola juu yake.

Wakala alikuwa na simu mbili za kitochi zilizofungwa pamoja kwa mpira, na daftari la shule lililojaa namba. Akaingia mzee mmoja aliyekuwa ameuza mbuzi, akitaka kumtumia kijana wake ada Karatu. Wakala akabonyeza nyota, akabonyeza namba, akamalizia kwa alama ya reli; menyu ya maandishi matupu ikatokea, akaijibu hatua kwa hatua kwa tarakimu. Mzee akauliza, "Imefika?" Akajibiwa, "Imefika, baba." Muamala ukaandikwa na daftarini pia.

Tulipotoka, mwanafunzi wangu akacheka. "Mwalimu, kampuni yenye utajiri wote ule bado inaendesha fedha za watu kwa teknolojia iliyokuwepo kabla sijazaliwa?" Nilimpa jibu la haraka ambalo halikumridhisha, na mimi mwenyewe halikuniridhisha. Makala haya ni jibu la pili.

Jambo la kwanza la kusema ni kwamba swali lake halihusu simu peke yake. Mabenki makubwa ya dunia, mashirika ya ndege, kampuni za bima na hazina za serikali huendesha sehemu kubwa ya kazi zao kwa mifumo iliyoandikwa miaka thelathini, arobaini, hata hamsini iliyopita. Lugha ya COBOL, ambayo bado inahesabu mishahara na akiba za mamilioni ya watu, ilibuniwa mwaka 1959. Aprili 2020, watu walipomiminika kuomba mafao ya kukosa kazi kwa sababu ya UVIKO-19, gavana wa jimbo la New Jersey nchini Marekani alisimama hadharani kuomba wajitolee watu wanaoijua lugha hiyo. Nchi iliyompeleka mtu mwezini ilikuwa ikiwatafuta wastaafu wake.

Ni rahisi kuita hali hii uzembe. Mimi nadhani tukiichunguza historia yetu wenyewe tutaona kuwa uzembe ni sehemu ndogo ya maelezo.

Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa ICT 1500, iliyouzwa na kampuni ya Uingereza iliyokuja baadaye kuwa sehemu ya ICL. Miaka michache baadaye Serikali ilipanua jaribio hilo kwa mashine kubwa zaidi, ikikusudia kuhamishia humo uhesabu wa fedha za umma. Kazi ilishindwa. Waliojua namna ya kuiendesha mitambo walikuwa wageni wenye mikataba, na mkataba ukiisha ujuzi ulipanda ndege pamoja nao. Fedha nyingi zikapotea, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake nchini.

Vijana wanapoisoma habari hii hucheka, na baadhi ya waandishi wameitumia kama kielelezo cha ujinga wa zama za Ujamaa. Siungani nao. Mwaka 1974 ulikuwa mwaka wa ukame na wa bei ya mafuta iliyopaa. Fedha za kigeni zilitakiwa kununulia chakula. Serikali iliyokwisha kuungua mara moja ilikuwa na sababu ya kuuogopa moto. Nisichokubaliana nacho ni kwamba, pamoja na mashine, marufuku yale yalifungia nje na watu. Kwa miaka mingi kompyuta iliingia kwa kibali maalumu tu. Kizazi kizima cha wahasibu, wahandisi na watunza kumbukumbu kilikua bila kuigusa, na masjala ikabaki ndiyo mfumo mkuu wa dola.

Mtumishi wa umma anayesoma haya anaijua masjala: jalada lenye namba, folio kwa wino mwekundu, dokezo linalopanda kutoka kwa afisa hadi kwa mkubwa wake na kuteremka tena. Ni mfumo tuliorithi kwa Mwingereza, na naomba nisieleweke vibaya nikisema kuwa ulikuwa mfumo mzuri. Ulikuwa na kumbukumbu ya nani aliamua nini na lini. Kompyuta ziliporudi kwa wingi katika miaka ya 1990, nyingi zikiwa mgongoni mwa miradi ya wafadhili, ziliukuta umekaa. Matokeo yake tunayajua: taarifa inajazwa kwenye mfumo, inachapishwa, inapigwa muhuri, inatiwa jaladani. Watu hufanya kazi mbili. Ukiwauliza kwa nini, watakwambia kuwa mradi utaisha lakini mkaguzi atakuja.

Sasa nifike kwenye kisa ambacho kila mwenye nyumba ya kupanga anakikumbuka, maana kilimfika mkononi.

Katika nusu ya pili ya mwaka 2024, mteja wa TANESCO aliyenunua umeme wa LUKU hakupokea tarakimu ishirini alizozizoea. Alipokea makundi matatu ya tarakimu ishirini ishirini. Aliagizwa aingize kundi la kwanza kwenye mita, kisha la pili, na la tatu ndilo lililokuwa umeme wake. Asiyefanya hivyo kabla ya tarehe 24 Novemba 2024 mita yake isingepokea tena umeme. Siku hiyo hiyo iliwahusu wateja wa Kenya Power, wa Yaka kule Uganda, na wa nchi nyingine nyingi. Mitaani ulizuka uvumi wa kila aina: kwamba ni njia ya kupandisha bei, kwamba ni ujasusi. Maelezo ya kweli yanavutia kuliko uvumi.

Mita hizi zinafuata kiwango kilichoandaliwa Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990. Historia ya kiwango hicho si ya kiufundi tu. Katika miaka ya 1980 wakazi wa Soweto na vitongoji vingine vya Waafrika walisusia kulipa kodi za nyumba na ankara za huduma, kama silaha dhidi ya ubaguzi wa rangi. Shirika la umeme la Eskom, likitaka kufikisha nyaya kwenye vitongoji hivyo, lilihitaji mita isiyomdai mtu baada ya kutumia. Mita ya kulipa kwanza hailetewi ankara, kwa hiyo hakuna ankara ya kuisusia. Sisi tuliipokea katikati ya miaka ya 1990 tukaipa jina zuri, Lipa Umeme Kadri Utumiavyo. Lakini mashaka ya mwenye umeme dhidi ya mtumiaji yalikuja ndani ya kisanduku.

Wahandisi wake walikuwa na tatizo moja gumu. Mita haikuwa na mawasiliano yoyote na ofisi. Kila kitu kilipaswa kusafiri ndani ya namba ambayo binadamu angeweza kuibonyeza bila kuchoka. Wakaamua tarakimu ishirini. Ndani ya tarakimu hizo ilibidi visongamane aina ya tokeni, kiasi cha umeme, hesabu ya kugundua kosa la kubonyeza, na wakati tokeni ilipotolewa, vyote vikiwa vimefungwa kwa ufunguo wa siri. Wakati ulihitajika ili tokeni moja isitumike mara mbili: mita huzikumbuka zilizokwisha kuingizwa na kukataa iliyo ya zamani kuliko hizo. Kwa kuwa nafasi ilikuwa finyu, wakati uliandikwa kama idadi ya dakika tangu tarehe 1 Januari 1993, na ukapewa biti 24 tu. Biti 24 zinatosha dakika 16,777,216. Gawanya, utapata kama miaka 31 na miezi 11. Hesabu ikajaa tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo kaunta ingerudi sifuri, na kila tokeni mpya ingeonekana kwa mita kuwa kuukuu. Makundi mawili ya ziada yalibeba ufunguo mpya, nusu kwa nusu, na kuifutia mita kumbukumbu zake.

Tazama sasa mahali pa lawama. Waliochagua biti 24 hawakukosea; mita iliyotarajiwa kufa ndani ya miaka ishirini ilipewa kalenda ya miaka thelathini na zaidi. Wala tarehe haikuwa siri, kwa kuwa inaweza kukokotolewa na mtoto wa sekondari mwenye kikokotoo. Kwa nini basi kazi ilifanyika katika miezi ya mwisho?

Jibu moja liko kwenye vitabu vya hesabu. Kubadilisha mita za nchi nzima, au kumtuma fundi kila mlango, ni gharama inayoonekana kwenye bajeti ya mwaka mmoja, chini ya meneja mmoja mwenye jina. Kusubiri hakuna mstari kwenye bajeti. Na mwishoni palikuwa na njia isiyoligharimu shirika sana: mteja aifanye kazi mwenyewe. Tarakimu arobaini, kuzidisha kwa mamilioni ya vidole, vya bibi asiyeona vizuri na vya mpangaji aliyerudi usiku kutoka zamu. Kazi hiyo haikuandikwa kama gharama popote. Nakiri kuwa zoezi lilifaulu kwa sehemu kubwa, na lilitangazwa vya kutosha, mkoa kwa mkoa. Nasema tu nani aliyelilipia.

Jibu la pili liko kwenye hofu, na hofu hiyo ina msingi. Mei 2021 ununuzi wa LUKU ulikwama kwa siku kadhaa. Watu walipanga foleni kwenye ofisi za TANESCO, na baadhi ya watendaji wa TEHAMA wa shirika wakasimamishwa kazi kwa agizo la Waziri wa Nishati. Sina haja ya kuamua hapa kama walistahili. Ninachotaka msomaji akione ni somo walilolipata waliobaki. Aliyeacha mfumo wa zamani uende kama ulivyo hustaafu kwa heshima, hata kama anamwachia mrithi wake bomu. Aliyethubutu kuugusa ukaanguka mikononi mwake huondoka kwa barua. Katika shirika la namna hiyo, la umma au la binafsi, mtu mwenye akili timamu hagusi kitu.

Wala si Tanzania pekee. Aprili 2018 benki ya TSB ya Uingereza iliamua kuhamisha wateja wake kutoka mfumo wa zamani kwenda mpya katika mwisho wa juma mmoja. Hadi wateja milioni 1.9 walifungiwa nje ya akaunti zao, mkurugenzi mkuu akaondoka, na Desemba 2022 wasimamizi wa mabenki wakaitoza faini ya pauni milioni 48.65. Kila mkurugenzi wa benki duniani alikisoma kisa kile. Nina hakika mipango mingi ya kuhama ilirudishwa kabatini wiki hiyo.

Lakini kuna jibu la tatu, na ndilo linalosahauliwa na wauzaji wa mifumo mipya. Mfumo wa zamani ni mahali ambapo sheria za taasisi zimeandikwa, na mara nyingi ni mahali pekee. Kwa nini mtumishi wa kada fulani hukatwa kiasi hiki na si kile? Kwa nini akaunti ya aina hii haifungwi hata ikibaki tupu? Aliyeamua alikwisha kufariki, waraka ulipotea, lakini programu inakumbuka. Ukiizima bila kuiuliza, unazima na maamuzi ya miaka thelathini ambayo hakuna aliye hai anayeyajua.

Hapa naomba nimrudishe msomaji Tarafa ya Sale, kwa maana mfano ninaoutaka uko jirani na Malambo. Huko Digodigo, Sale na Samunge, Wasonjo, ambao wenyewe hujiita Wabatemi, humwagilia mashamba yao kwa mifereji iliyochimbwa na mababu zao karne kadhaa zilizopita. Baraza la wazee liitwalo wenamiji ndilo linalogawa maji: nani amwagilie lini, nani afanye kazi ya kuzibua, nani atozwe kwa kukiuka. Mtaalamu anayeyaona mafundi ya udongo na mawe kwa mara ya kwanza anaweza kuyaita ya kizamani. Ni ya kizamani kweli, na maji yanafika shambani. Chini kidogo, miguuni pa nyanda za juu za Ngorongoro, iko Engaruka, nayo ina matuta ya mawe na mifereji iliyomwagilia maelfu ya ekari. Engaruka ilikwisha kuachwa kufikia karne ya 18, na leo tunaitembelea kama magofu. Wanaakiolojia wanajadili kilichoiua, na upungufu wa maji umo kwenye mjadala huo. Ninachokiona mimi ni kwamba mifereji ya Wasonjo inaishi kwa sababu kila msimu wapo watu wanaoshuka ndani yake na majembe, wakijua kila kona yake, na vijana wao wakishuka pamoja nao. Umri wa mfereji si hoja. Hoja ni kama bado yuko anayeujua.

Kwa kipimo hicho tunaweza kuzipima taasisi zetu kwa haki zaidi. Mfumo wa taarifa za watumishi ulioingia kazini mwaka 2011, uliozoeleka kwa jina la Lawson, ulikuwa bidhaa ya nje; mwaka 2021 ukabadilishwa kwa mfumo uliosanifiwa na wataalamu wa ndani. Epicor, iliyobeba hesabu za Serikali kwa miaka mingi, imepisha MUSE. Kwenye ununuzi wa umma, TANePS ilipisha NeST mwaka 2023, tena kwa haraka iliyowashangaza wazabuni. Watumishi wanalalamikia mifumo hii mipya, na malalamiko mengine ni ya haki, hasa kule wilayani ambako mtandao hukatika. Hata hivyo kuna tofauti kubwa kati ya 1974 na leo: aliyeiandika programu yuko Dodoma au Dar es Salaam, na anaweza kupigiwa simu. Swali ni kama atakuwepo baada ya miaka kumi, au atakuwa amechukuliwa na benki inayolipa mara tatu ya mshahara wake. Bajeti zetu hupenda neno "uzinduzi". Sijawahi kualikwa kwenye sherehe ya matengenezo.

Narudi kwa mwanafunzi wangu. Alikuwa sahihi kwamba menyu ile ya nyota na reli ni kuukuu. Ni sehemu ya teknolojia ya simu za GSM ya miaka ya 1990. M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007, na mwaka uliofuata hapa kwetu, ilijengwa juu ya kile ambacho simu ya bei ndogo kabisa tayari ilikuwa nacho. Kampuni za simu hazijakaa bila kubadili kitu. Mwaka 2015 Safaricom ilihamisha seva za M-Pesa kutoka Ujerumani hadi Kenya na kuubadilisha mtambo wote wa nyuma. Mama muuza mboga hakuombwa abonyeze tarakimu hata moja ya ziada. Kilichobaki kuukuu ni kile kilichoko mkononi mwa mteja, na kimebaki kwa sababu mzee aliyeuza mbuzi hana simujanja, na hata angekuwa nayo, angeichajia wapi.

Kwa hiyo katika kisa hiki ukuukuu wa mfumo ni huduma. Mfumo mpya kabisa, wa programu ya kupakua na picha za rangi, ungemwacha nje. Nayasema haya kwa tahadhari, kwa kuwa kampuni haimtunzi mzee yule kwa upendo. Inamtunza kwa makato. Siku hesabu itakapogeuka, minara ya kizazi cha pili itakapoonekana kula umeme kuliko inavyoingiza, itazimwa. AT&T iliizima ya kwake kule Marekani mwanzoni mwa 2017. Nasi tunajua kutoka kwenye LUKU kazi ya kuhama huangukia kwa nani ikiwa hakuna aliyeuliza mapema. Kaunta mpya ya mita zetu, iliyoanza kuhesabu kutoka Januari 2014, itajaa tena tarehe 24 Novemba 2045. Mwanafunzi wangu atakuwa bado kazini, labda katika shirika hilo hilo. Nimemwambia aiandike tarehe hiyo mahali.

Kabla hatujaondoka Malambo nilirudi dukani kununua maji. Nikamuuliza wakala angefanya nini iwapo kampuni ingetangaza kuwa vitochi havitafanya kazi tena. Aliiweka kalamu juu ya daftari, akanitazama kama mtu aliyepitwa na taarifa muhimu.

"Kwani wamesema lini?" akauliza.